Mafunzo Manane Niliyopata kwa Kutazama Galaksi Nikiwa Igogo

Nyumba yetu imejengwa juu ya mawe, kama nyumba nyingi za mlimani Igogo, Mwanza. Usiku ambao mwezi haupo, ukikaa kwenye jiwe kubwa lililo nyuma ya jiko unaziona taa za wavuvi wa dagaa zimetawanyika ziwani kwa mbali. Mitumbwi yenyewe huioni. Huwaoni wavuvi, wala nyavu, wala maji. Unaona nukta za nuru, na kati ya nukta na nukta ni weusi mtupu.

Baba yangu amevua dagaa tangu enzi za karabai hadi leo taa zimekuwa za sola. Nilipokuwa mdogo, siku ambazo hakwenda ziwani alikuwa akikaa juu ya jiwe hilo, anazitazama zile nukta kwa muda, halafu anasema, "Upepo umegeuka," au "Yule kamba ya nanga yake imemkatikia." Asubuhi tukiuliza mwaloni, tunakuta ni kweli. Mimi niliona taa. Yeye alisoma kilichozibeba.

Nilimaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati. Ada ya chuo haikupatikana, nikaingia kiwanda cha samaki, kwenye meza ya kupanga minofu ya sangara. Mwaka 2018 binamu yangu aliyekuwa anasoma chuo alinionyesha kwenye simu yake mradi uitwao Galaxy Zoo. Mtu yeyote mwenye intaneti hupewa picha halisi ya galaksi iliyopigwa na darubini kubwa, akaulizwa maswali kuhusu umbo lake. Ni laini au ina mikono? Mikono mingapi? Kuna kijiti katikati? Majibu ya watu wengi hukusanywa, na wanasayansi huyatumia kuchunguza jinsi ulimwengu ulivyojengeka. Usiku huo nilijibu maswali ya picha kumi na mbili, bando likaisha. Kesho yake nikanunua jingine.

Tangu hapo nimetazama galaksi maelfu, nyingi zikiwa hazifiki ukubwa wa punje ya mchele kwenye kioo cha simu. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Kisichoonekana husomwa kwenye mwendo wa kinachoonekana

Galaksi ni mkusanyiko wa nyota mabilioni kwa mabilioni, pamoja na gesi na vumbi, vyote vikishikiliwa na nguvu ya uvutano. Sisi tumo ndani ya mojawapo, ile tunayoiona kama mkanda wa weupe angani, Njia Nyeupe.

Mwaka 1933 mwanafalaki Mswisi Fritz Zwicky, akiwa California, alichunguza mwendo wa galaksi zilizokusanyika katika kishada cha Koma. Zilikuwa na kasi kubwa mno. Kwa uzito wa nyota zilizoonekana, kishada kile kilitakiwa kiwe kimesambaratika zamani. Lazima kulikuwa na kitu kinachokishikilia ambacho darubini haikukipata. Kwa miaka mingi wazo lake halikupata wafuasi wengi, hadi mwaka 1970, Vera Rubin na Kent Ford walipochapisha vipimo vyao vya galaksi jirani yetu, Andromeda.

Ili uelewe walichokiona, anza na jua letu. Sayari ya Zebaki, iliyo karibu kabisa na jua, inakimbia takriban kilomita 47 kwa sekunde. Dunia inakwenda kilomita 30. Neptuni, ya mwisho kabisa, haifiki hata 6. Kadiri unavyotoka nje ndivyo mwendo unavyopungua, kwa sababu karibu uzito wote umekaa katikati, ndani ya jua. Katika Andromeda nuru nyingi iko katikati, kwa hiyo ilitarajiwa vitu vya pembezoni viende polepole vilevile. Haikuwa hivyo. Mwendo ulibaki karibu uleule hadi ukingoni. Maana yake ni kwamba uzito unaendelea kuwepo hata pale nuru inapokwisha.

Hesabu za leo zinasema vitu vyote tunavyovijua, kuanzia nyota na mawe ya Igogo hadi maji ya ziwa na miili yetu, ni kama asilimia 5 tu ya vyote vilivyomo ulimwenguni. Maada ya giza, yaani ule uzito usioonekana, ni kama asilimia 27. Asilimia 68 iliyobaki ni kile kinachoitwa nishati ya giza, kinachofanya ulimwengu uzidi kutanuka kwa kasi. Niliposoma hayo kwa mara ya kwanza nilimkumbuka Baba juu ya jiwe. Alichokuwa akikifanya kilikuwa na jina katika sayansi, nami nililelewa nacho bila kujua.

2. Nuru ikipinda, tafuta kilichoipinda

Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa. Kule Rujewa, mkoani Mbeya, watu walishuhudia pete kamili ya moto, na Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alikuwa miongoni mwa waliotueleza Watanzania kilichokuwa kinatokea. Sisi Mwanza tulipata nusu ya tukio, maana jua lilimegwa bila kufunikwa lote. Sikuwa na miwani maalumu. Nilisimama chini ya mwembe wa jirani nikatazama chini: kila kitundu cha nuru kati ya vivuli vya majani kilikuwa kimegeuka kuwa hilali. Mamia ya hilali ndogo zilikuwa zinacheza kwenye vumbi. Niliona umbo la jua bila kuinua macho.

Kupatwa kwa jua ndiko kulikofungua pia mlango wa kuipima maada ya giza. Tarehe 29 Mei 1919 Arthur Eddington alikuwa kisiwani Príncipe, pwani ya magharibi ya bara letu, akipiga picha za nyota zilizoonekana kando ya jua lililofunikwa, huku wenzake wakifanya kazi hiyohiyo Sobral, Brazili. Nyota hizo zilionekana zimesogea kidogo kutoka mahali pake. Albert Einstein alikuwa ametabiri hivyo: uzito hupinda njia ya nuru.

Basi galaksi nzito, au kishada cha galaksi, kinaweza kufanya kazi ya lenzi. Galaksi iliyo nyuma yake huonekana imevutika kama ukucha, au imegawanyika mara mbili au nne, na vikikaa sawasawa kwenye mstari mmoja inakuwa pete. Ukitaka kuona mfano wake, chukua bilauri yenye kitako kinene, iweke juu ya daftari la hesabu lenye miraba, uchungulie kupitia kitako. Mistari iliyokuwa imenyooka itapinda na kuizunguka katikati. Mtu akikuonyesha mistari hiyo peke yake, unaweza kukokotoa umbo la bilauri hata kama hujaiona. Wanafalaki hufanya hivyo, na kila wanapopima hukuta uzito unaopinda nuru ni mkubwa kuliko uzito wa nyota zinazong'aa.

Mwezi Februari 2025 ilitangazwa kwamba Euclid, darubini ya Shirika la Anga za Juu la Ulaya, imeona pete kamili kuizunguka galaksi NGC 6505, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 590, jambo ambalo kwa umbali wa anga ni ujirani. Galaksi hiyo imejulikana tangu mwaka 1884. Watu wameitazama kwa zaidi ya karne nzima, na pete ilikuwepo muda wote.

3. Jicho lililochoka huona linachokitarajia

Somo hili lilianzia kwenye meza ya minofu. Unasimama kwa saa nyingi, mikono ndani ya glovu, baridi inapanda kutoka kwenye barafu, na kila mnofu unaopita unaupa daraja. Baada ya muda unaanza kutoa daraja kabla hujatazama. Siku moja niliweka kreti kadhaa mahali pasipo pake, na nilikuwa nimeapa kwamba nimeziangalia zote. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa meza moja nami alinifundisha: kila baada ya muda funga macho, hesabu hadi kumi, halafu badilishana upande na mwenzako, mnofu ukujie kutoka mkono mwingine.

Miaka baadaye nikasoma jambo lililonifanya niurudie ukurasa huo mara tatu. Galaxy Zoo ilipoanza Julai 2007, ikiwa na picha za galaksi karibu milioni moja kutoka mradi wa Sloan wa kupiga picha za anga, watu walijibu kwamba galaksi nyingi zaidi zinazunguka kinyume cha mshale wa saa. Kama ni kweli, ulimwengu wote ungekuwa unapendelea upande mmoja, na hilo lingekuwa jambo zito sana. Wanasayansi hawakukimbilia kutangaza. Walichukua baadhi ya picha wakazigeuza kama kwenye kioo, kulia kukawa kushoto, wakazirudisha kwa watu bila kuwaambia. Kama upendeleo ungekuwa wa ulimwengu, majibu yangegeuka nayo. Hayakugeuka. Watu waliendelea kuona kinyume cha saa. Upendeleo ulikuwa ndani ya macho yetu.

Tangu niliposoma hayo nina kawaida. Nikihisi naanza kujibu haraka, naigeuza simu juu chini, naiangalia picha upya. Mara kadhaa jibu langu limebadilika.

4. Galaksi moja haisemi kitu. Elfu kumi husema

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo moyo wa jambo ulipo.

Zile pete na kucha nilizozitaja ni adimu. Mara nyingi maada ya giza hupinda nuru kidogo sana, ikaibadilisha galaksi ya nyuma kwa kiasi cha asilimia moja hivi. Na galaksi zenyewe hazina umbo moja: nyingine ni duara, nyingine yai, nyingine zimelala ubavu. Ukiniletea picha ya galaksi yenye umbo la yai, siwezi kujua kama imezaliwa hivyo au imevutwa njiani. Hakuna anayeweza. Hilo lilinikatisha tamaa kwa muda mrefu. Kama picha moja haina jibu, kazi yangu ya usiku ilikuwa ya nini?

Jibu nililipata mchana mmoja nikiwa ufukweni. Mitumbwi ilikuwa imetia nanga mbele ya mwalo, zaidi ya arobaini. Mtumbwi uliotia nanga huelekeza kichwa kule upepo unakotoka. Lakini ukiutazama mmoja mmoja, kila mtumbwi una yake: huu umefungwa vibaya, ule umebeba mzigo upande mmoja, mwingine umesukumwa na wimbi la boti iliyopita. Mtumbwi mmoja unaweza kukudanganya kabisa. Nikarudi nyuma, nikapanda jiwe, nikaitazama yote kwa pamoja. Hapo upepo ulionekana kama umechorwa. Kasoro za kila mtumbwi zilimezana, kikabaki kile ambacho yote ilikuwa imekipata kwa pamoja.

Hivyo ndivyo ramani ya maada ya giza inavyochorwa. Unapima maumbo ya galaksi maelfu, halafu mamilioni. Kasoro za kuzaliwa hazina upande mmoja, kwa hiyo zikichanganywa hufutana. Kinachobaki ni mvutiko mdogo wa pamoja, na mvutiko huo unaonyesha uzito uliojificha umekaa wapi.

Ndiyo maana darubini mpya zinapiga picha nyingi kupita kiasi cha kufikirika. Euclid ilirushwa tarehe 1 Julai 2023, ikakaa umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani. Kazi yake ni kupiga picha zaidi ya theluthi moja ya anga kwa miaka sita, ipate galaksi mabilioni. Huko Chile, darubini yenye kioo cha mita 8.4 iliyopewa jina la Vera Rubin yuleyule ilionyesha picha zake za kwanza Juni 2025.

Ramani za mahali galaksi zilipo, tangu zile za miaka ya 1980, zinaonyesha umbo linalomfurahisha mtu yeyote wa ziwani: galaksi zimejipanga kwenye nyuzi ndefu, nyuzi zinakutana kwenye mafundo yaliyo na vishada vikubwa, na kati yake kuna matundu makubwa yaliyo karibu matupu. Baba nilipomwonyesha picha hiyo alisema neno moja, "Wavu." Nyuzi za wavu huo kwa sehemu kubwa ni maada ya giza. Galaksi ni matone ya maji yaliyonasa kwenye nyuzi wavu ulipotolewa.

5. Shaka nayo ni jibu

Miezi ya kwanza niliogopa kukosea. Nikiona picha yenye ukungu niliiacha, nikisubiri zilizo wazi. Baadaye nikaelewa kwamba kila picha hupitia macho mengi, na kinachohifadhiwa ni mgawanyo wa kura zote. Kama watu 40 wameona galaksi ileile, 22 wakasema ina mikono na 18 wakasema ni laini, mgawanyo huo ni taarifa kamili: galaksi hii ni ngumu kuamua. Mtu anayejilazimisha kuwa na uhakika ambao hana anaiharibu taarifa hiyo.

Mwezi Agosti 2024 zilipoletwa picha za Euclid, nilikuwa mmoja wa watu 9,976 waliojibu maswali kwa ajili ya kuifundisha programu iitwayo Zoobot itambue maumbo yenyewe. Programu hiyo hujifunza pia pale ambapo watu walitofautiana, ili nayo ijue kuona shaka. Machi 2025 ilitolewa orodha ya maumbo ya galaksi zaidi ya 380,000, na pamoja nayo, kwa kazi ya programu na macho ya watu, vitu 500 vinavyodhaniwa kuwa lenzi za uvutano. Shaka yangu imo humo, pamoja na uhakika wangu.

6. Anayeuliza "Hiki ni nini?" amefanya kazi ya sayansi

Mwaka 2007 mwalimu wa shule wa Uholanzi, Hanny van Arkel, aliona doa la ajabu karibu na galaksi IC 2497. Halikufanana na galaksi wala nyota. Hakuwa na jibu, akauliza. Ilikuja kufahamika kwamba ni wingu kubwa la gesi linalong'aa kwa nuru ya kiini cha galaksi jirani, na kwamba kiini chenyewe kilikuwa kimekwisha kufifia. Nuru ilikuwa bado njiani wakati taa imeshapungua. Wingu hilo leo linaitwa kwa jina lake.

Jioni za Jumamosi watoto wa jirani hukusanyika barazani kwetu, tunatazama picha pamoja. Siku niliyowaeleza kuhusu maada ya giza, mtoto mmoja wa darasa la sita alinyoosha mkono: "Kama ni nyeusi na ni nyingi hivyo, mbona haizibi nyota?"

Nilinyamaza. Swali lake lilikuwa sahihi kuliko maelezo yangu. Moshi ni mweusi, nao huziba. Vumbi la angani ni jeusi, nalo huziba. Ndilo linalochora madoa meusi katikati ya Njia Nyeupe. Lakini maada ya giza haizibi kitu. Nuru hupita ndani yake kama inavyopita kwenye kioo safi. Haiakisi, haing'ai, haimezi nuru; inajulikana kwa uvutano wake tu. Neno "giza" lilikuwa limetupotosha. Tangu siku hiyo barazani kwetu tunaiita "maada isiyoonekana", na watoto wanaielewa mara moja. Nimejifunza kwamba kutafuta neno la Kiswahili lililokaa sawa ni sehemu ya kukielewa kitu chenyewe.

7. Pwani yetu imo ndani ya hadithi hii

Watoto waliwahi kuniuliza kama kuna chochote kati ya haya kilichofanyika kwetu. Nikawaeleza kuhusu Uhuru.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, chombo kilikuwa cha Wamarekani, na kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji kikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Kilikuwa chombo cha kwanza kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alikuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Uhuru ilionyesha kwamba vishada vya galaksi, kikiwemo kile cha Koma alichokipima Zwicky, vimejaa gesi ya moto wa mamilioni ya digrii. Gesi ya moto namna hiyo hutaka kutoroka, kama mvuke kwenye sufuria. Kama imebaki, kuna mfuniko mzito, na uzito wa galaksi zinazoonekana pamoja na gesi yenyewe hautoshi kuwa mfuniko huo. Mwaka 2006 wanasayansi walionyesha vishada viwili vilivyogongana: gesi ya moto ilikwama katikati ya ajali, lakini lenzi ya uvutano ilionyesha kwamba sehemu kubwa ya uzito ilipita moja kwa moja bila kukwama. Uzito na gesi vilitenganishwa, kila kimoja mahali pake, kwenye picha moja.

Watoto walipenda zaidi jina. Mmoja alilirudia polepole, "Uhuru," kama anayelisikia kwa mara ya kwanza. Nikawakumbusha pia kwamba wazee wa pwani walikipa jina kile kishada cha nyota kiitwacho Kilimia kwa sababu kiliwaonyesha majira ya kulima. Lugha hii haijaanza kutazama juu leo.

8. Giza linahitaji kutunzwa

Kwa mvuvi wa dagaa, giza ni msimu wa kazi. Mbalamwezi ikitanda, taa hazivuti samaki, na watu hupumzika. Kwa anayetaka kuona galaksi kwa macho, hali ni hiyohiyo. Igogo ya leo ina taa za viwanda, za bandari na za barabara, na anga lake limekuwa la kijivu. Silaumu taa, watoto wanasoma kwa taa hizo. Naomba tu kila taa ielekezwe chini panapohitajika, ili watoto hao wabakiwe na cha kutazama juu.

Novemba mwaka jana, baada ya mvua kusafisha hewa, nilimwomba Baba nimsindikize ziwani. Tulifika mbali, taa za mji zikabaki kama mstari mwembamba nyuma yetu. Ilikuwa saa mbili usiku. Akanyoosha mkono awashe taa.

"Baba, samahani, subiri kidogo usiwashe."

Akasubiri. Mvuvi kuchelewesha taa ni kupoteza riziki, naye alilijua hilo kuliko mimi. Nikamwonyesha upande wa kaskazini mashariki, doa hafifu la ukungu. Ilikuwa Andromeda, ileile ya Vera Rubin.

"Hiyo naijua," akasema. "Kila mwaka ipo. Nilikuwa nadhani ni kiwingu."

"Ni nyota mabilioni, Baba. Nuru hii unayoiona imetoka huko miaka milioni mbili na nusu iliyopita. Wanajiolojia hukadiria ziwa letu lina kama miaka 400,000. Nuru ilikuwa njiani tayari kabla ziwa halijakuwepo."

Alikaa kimya, mtumbwi ukigeuka taratibu kwenye kamba ya nanga hadi kichwa kikaelekea upepo. Kisha akauliza, "Na hiyo nyingine, isiyoonekana, ipo hapo pia?"

"Ipo, Baba. Imeizunguka pande zote, na imekwenda mbali kuliko nuru yake."

Akatikisa kichwa kukubali, kama alivyokuwa akifanya juu ya jiwe. Halafu akawasha taa, maji yakageuka kijani chini yetu, na nyota zikatoweka. Nikageuka kutazama Igogo. Nilijua kwamba kule mlimani, nyuma ya jiko, Mama ameona nukta moja imeongezeka ziwani, naye kwa nukta hiyo amejua tulipo.